Mji wa Majirani Wasiokubaliana

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Minnesota



Nimeombwa niseme juu ya miji midogo ya kaskazini, ile ambayo wenyeji wa jimbo hili huikimbilia Juni ikifika, mitumbwi imefungwa juu ya magari na watoto wamebanwa kiti cha nyuma pamoja na mahema. Miji hiyo ni mingi. Mimi nimechagua mmoja tu, Ely, kwa sababu anayeuelewa huo ameelewa jambo kubwa kuhusu jimbo tunaloishi. Tena wengi wetu tumekaa hapa miaka mingi, tumelea na kusomesha watoto, tumelipa kodi, na hatujafika huko. Tunafika Duluth, tunapiga picha mbele ya Ziwa Superior, tunageuza gari. Kutoka Minneapolis hadi Ely ni saa nne na ushee, kama kilomita 400. Kwa arusi ya binamu tunasafiri mbali zaidi ya hapo na kurudi usiku uleule.

Watu wanapousifu mji mdogo wenye mshikamano, mara nyingi wanafikiri wenyeji wake wana mawazo mamoja. Ely haiko hivyo hata kidogo. Huu ni mji uliogombana kwa takriban miaka mia, na ugomvi wenyewe ni uleule: maji na msitu unaouzunguka vitumiwe vipi, na nani mwenye kauli ya mwisho. Katika ugomvi huo watu wameacha kusalimiana, wamehama kanisa, wamesusia maduka. Na bado gari la jirani likizama kwenye theluji usiku wa Januari, anayekuja kulivuta ni yule aliyebandika dirishani bango la upande mwingine. Mimi naamini undugu wa namna hiyo una thamani kuliko ule wa watu wanaokubaliana kwa kila jambo, na nataka tuutazame umetoka wapi.

Ely ulizaliwa na chuma. Shehena ya kwanza ya mawe ya chuma ilitoka Soudan, jirani upande wa magharibi, mwaka 1884. Reli ikafika Ely mwaka 1888, na mgodi wa Chandler ukaanza kazi mwaka huohuo. Ikafuata migodi mingine: Pioneer, Zenith, Sibley, Savoy. Chuma cha huko kilikuwa chini sana ardhini, hivyo wachimbaji walishuka kwenye mashimo marefu wakiwa na taa kichwani. Mgodi wa Soudan ulifungwa mwaka 1962 na sasa ni hifadhi ya jimbo. Mgeni anaweza kuingia kwenye kizimba kilekile walichotumia wachimbaji akashushwa kama mita 700 chini, gizani, chuma kinapiga kelele pande zote. Nawasihi mwende. Ukitoka mle hutazungumza kirahisi juu ya kazi ya mwenzako.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wageni kama sisi: Wafini, Waslovenia, Wakroatia, Waitaliano, Waswidi, na watu wa Cornwall kutoka Uingereza waliojua uchimbaji tangu kwao. Kampuni haikuwa na haja na lugha zao, na mtu akifa mgodini mjane wake alibaki na watoto na deni la duka. Wakafanya kile ambacho sisi tunakifahamu vizuri mno. Mwaka 1898, hapo hapo Ely, Waslovenia waliunda chama cha kusaidiana: kila mtu anatoa mchango wake wa mwezi, na akiumia au akifa, familia inalipwa. Chama hicho kilianza kwa jina la Umoja wa Kikatoliki wa Waslavi wa Kusini, kikaenea majimbo mengine, na kiliendelea kuwa na makao makuu Ely kwa miaka mingi. Ninyi mnaotumiana ujumbe usiku wa manane kwamba fulani amefiwa, na asubuhi michango imeshaanza kuingia, mngejisikia nyumbani kabisa katika mikutano yao.

Wafini walijenga kumbi zao, maduka yao ya ushirika na sauna zao, na sauna mpaka leo ni sehemu ya maisha ya huko. Hata asiye Mfini huijenga nyuma ya nyumba yake kabla hajamaliza kuweka sakafu sebuleni. Waslovenia waliacha mkate wao uitwao potica. Nimemwona mama mmoja akiuandaa jikoni kwake. Meza nzima hutandikwa shuka safi na kunyunyizwa unga. Donge lililoumuka hutandazwa juu yake kwa kuvutwa kidogo kidogo kutoka chini kwa migongo ya mikono, huku ukiizunguka meza, mpaka liwe jembamba kiasi cha kuona maua ya shuka kupitia ndani yake. Kisha hupakwa mchanganyiko wa jozi zilizosagwa, asali, maziwa na siagi, halafu shuka huinuliwa upande mmoja na mkate hujikunja wenyewe kama mkeka. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Wakati wa Krismasi na Pasaka majirani huitana, na mezani pale ndipo habari zote za mji zinapopita.

Lakini kabla ya mashimo ya chuma palikuwa na wenyewe. Nchi ile ni ya Waojibwe. Mwaka 1854 walitia saini mkataba uliowapokonya ardhi ya kaskazini-mashariki ya jimbo hili, ila walibakiza haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna humo, na haki hiyo ipo mpaka leo. Kila mwisho wa kiangazi wako wanaoingia kwenye maziwa ya kina kifupi na mitumbwi kuvuna mpunga-mwitu, mmoja akisukuma kwa mti mrefu, mwingine akiyapiga masuke kwa vijiti viwili ili punje ziangukie ndani. Si mbali na mji, kwenye ziwa la North Hegman, kuna michoro myekundu juu ya jabali linalosimama majini: mtu aliyenyoosha mikono, na mnyama mkubwa mwenye pembe pana. Huifikii ila kwa maji, au kwa miguu juu ya barafu. Hata mtumbwi unaobebwa leo na watalii umbo lake ni la Waojibwe. Waliutengeneza kwa magome ya mti ili uwe mwepesi kubebeka begani. Anayesema pori lile halikuwa na mtu anasema uongo, hata kama hajui.

Sasa tuje kwenye maji. Kaskazini ya Ely, hadi kwenye mpaka wa Kanada, kuna eneo la ekari zaidi ya milioni moja, lina maziwa zaidi ya elfu moja, mengi yameunganishwa kwa vijito na njia za miguu. Linaitwa Boundary Waters. Hakuna barabara ndani yake, hakuna duka, hakuna umeme. Unaingia kwa mtumbwi. Ukifika mwisho wa ziwa unashuka, unaubeba mtumbwi wako na mizigo yako hadi ziwa linalofuata, unashusha tena. Njia hizo kwenye ramani hazipimwi kwa maili wala mita. Hupimwa kwa kipimo cha zamani kiitwacho rod, ambacho ni mita 5 hivi, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja. Njia ya rod 20 ni mchezo. Njia ya rod 200 inakufundisha adabu. Mtumbwi unageuzwa juu chini, pedi mbili zinakaa mabegani, na wewe huoni kitu ila viatu vyako, mizizi, matope na mawe yenye utelezi. Mikono yote miwili imeshika kingo za mtumbwi, na usubi wa Juni wanajua hilo. Mwenzako aliyetangulia na begi anakupigia kelele pale penye gogo. Ukisikia maji yanapiga mawe mbele, unajua umefika.

Sheria za mle zinabana, na nadhani zinabana kwa haki. Kundi moja lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Makopo na chupa za kioo za vinywaji na vyakula hairuhusiwi kuingia nayo. Unalala tu mahali palipotengwa, penye kichanja cha chuma cha kupikia na choo cha shimo kilichowekwa nyuma kidogo msituni, kisicho na kuta wala paa. Chakula unakihifadhi usiku mbali na dubu. Maziwa machache, yale ya pembezoni, yanaruhusu injini ndogo. Kwingine kote ni kafi na mkono wako.

Sheria hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Msitu wa taifa wa Superior ulitangazwa mwaka 1909. Katikati ya miaka ya 1920 tajiri wa mbao na karatasi, Edward Backus, alitaka kujenga mabwawa kwenye maji ya mpakani, jambo ambalo lingezamisha visiwa na fukwe nyingi. Aliyempinga zaidi alikuwa mtu mmoja aitwaye Ernest Oberholtzer, aliyeishi kwenye kisiwa kidogo na kufahamiana sana na Waojibwe. Mwaka 1930 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulinda kingo za maziwa hayo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja ndege ndogo zinazotua majini, zikipeleka wavuvi kwenye hoteli za mbao katikati ya pori. Desemba 1949 Rais Truman akapiga marufuku ndege kuruka chini juu ya eneo hilo. Mwaka 1964 ikaja sheria ya mapori ya taifa, na mwaka 1978 sheria maalumu ya Boundary Waters, iliyozuia ukataji wa miti na uchimbaji madini ndani yake na kupunguza sana injini.

Kila tarehe niliyoitaja hapo ilikuwa na machozi upande mmoja. Mgodi wa Pioneer, wa mwisho kufanya kazi Ely, ulikuwa umefungwa mwaka 1967. Watu waliokuwa zaidi ya 6,000 mwaka 1930 walikuwa wakipungua kila mwaka. Waliobaki walikuwa wakiishi kwa mbao, kwa kuongoza wavuvi, kwa hoteli ndogo za ziwani. Sasa wakubwa kutoka Washington na matajiri kutoka Minneapolis wanawaambia: hoteli hii inunuliwe ivunjwe, injini hii iondoke, msumeno huu unyamaze. Mwaka 1977 wabunge walikuja Ely kusikiliza maoni. Nje ya ukumbi palitundikwa sanamu za kuwakilisha watetezi wa pori, na jina la mmoja wao lilikuwa Sigurd Olson.

Olson hakuwa mgeni. Alifundisha biolojia Ely na baadaye akawa mkuu wa chuo kidogo cha mji huo. Alikuwa amewafundisha watoto wa wachimba madini na wa wakata miti. Aliongoza wageni kwa mtumbwi kila kiangazi, na vitabu vyake juu ya nchi ile vilimpa jina Marekani nzima. Siku ile ya 1977 alikuwa mzee wa miaka 78, akasimama mbele ya watu waliomzomea, akasema alichoamini. Baada ya hapo hakuhama. Alirudi nyumbani kwake, mtaa uleule, akaendelea kununua mkate kwenye duka lilelile, mpaka Januari 1982 alipofariki akiwa anatembea kwenye theluji karibu na nyumba yake. Naomba vijana mlitafakari hilo. Kusimama na msimamo wako mbele ya wageni ni rahisi. Kusimama nao mbele ya baba wa mwanafunzi wako, ambaye kesho utakutana naye posta, ni kazi.

Yuko mwingine ambaye nampenda zaidi, niseme wazi. Dorothy Molter alikuwa muuguzi aliyeishi kwenye visiwa vidogo vya ziwa Knife, ndani kabisa ya pori, kuanzia miaka ya 1930. Alishona vidonda vya wapita njia, akatoa ndoana kwenye vidole vya watoto, na akitumia barafu aliyoikata ziwani majira ya baridi alipoza kinywaji cha mizizi alichokitengeneza mwenyewe na kuwapa maelfu ya wapiga makafi kila kiangazi. Sheria ilipotaka kila mtu atoke, watu walipaza sauti kwa ajili yake, na serikali ikamwacha aishi pale hadi kufa kwake, Desemba 1986. Alikuwa mkazi wa mwisho wa eneo lile. Baada ya hapo wajitoleaji walizibomoa nyumba zake za magogo, wakazikokota juu ya barafu kwa mbwa na kwa pikipiki za theluji, wakazijenga upya Ely, ambako leo ni makumbusho. Katika kazi ile watu wa mbwa na watu wa pikipiki, ambao kwa kawaida hawapatani, walikuwa kwenye njia moja.

Leo ugomvi una sura nyingine. Chini ya ardhi kusini-mashariki ya mji kuna shaba na nikeli nyingi, na kampuni ya Twin Metals, mali ya Antofagasta ya Chile, inataka kuchimba. Mawe hayo yana salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na maji ya upande ule hutiririka kaskazini kuingia Boundary Waters. Mwaka 2022 serikali ilifuta hati za kampuni hiyo, na mwaka 2023 ikazuia upangishaji wa ardhi ya madini kwenye ekari kama 225,000 kwa miaka 20. Lakini kila serikali inayoingia Washington ina maoni yake, na shauri hili halijalala.

Mimi nasimama na maji. Shaba inapatikana kwingine duniani. Maziwa elfu moja ambayo bado wako wanaochota kikombe katikati yake na kunywa, hayapatikani kwingine kwa urahisi. Hata hivyo sikubali wanaosimama upande wangu wanapomwita mwana wa mchimba madini mjinga. Yeye anataka mshahara wa mwaka mzima, bima ya afya, na nyumba. Utalii unalipa kuanzia Mei hadi Septemba, kisha mwongoza wageni anapasua kuni na kusubiri. Nyumba zinanunuliwa na watu wa mijini wanaokuja wiki chache kwa mwaka, au zinakodishwa kwa wageni kwa siku, na mwalimu mpya anakosa pa kulala. Hospitali ya mji iliacha huduma ya kuzalisha, hivyo mama mwenye uchungu anaendeshwa mwendo mrefu barabara za theluji. Hayo ni madai ya haki. Anayependa pori bila kujali wanaoishi mlangoni mwake hajalipenda vya kutosha.

Na wao wanajaliana, hilo nimeliona. Baridi ya kule haina mzaha: tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji wa Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo rekodi ya jimbo zima. Katika baridi ya namna hiyo kumpita mtu barabarani bila kusimama ni karibu na kumuua. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba iliangusha mamilioni ya miti katika pori huku likiwa limejaa watu wa sikukuu. Ndege za idara ya misitu zilizunguka ziwa baada ya ziwa, na wajitoleaji wakaingia na misumeno kutafuta mahema yaliyofunikwa. Mwaka 2011 moto wa Pagami Creek uliunguza zaidi ya ekari 90,000. Kila mara kikosi cha uokoaji kilijaa watu wenye kazi zao nyingine: fundi, mwalimu, mwenye duka la chambo. Hata njia za kutelezea kwa ski msituni hutunzwa na wajitoleaji. Will Steger na wenzake, akiwemo Ann Bancroft, waliofika Ncha ya Kaskazini kwa mbwa mwaka 1986, walifanyia mazoezi mitaa ile, na ni watu wa mji waliowashonea nguo.

Ndugu zangu, Boundary Waters ni mali ya umma. Haina mlango wa wenye asili fulani, ingawa ukiangalia sura za wapiga makafi unaweza kudhani inao. Kodi yako ipo mle. Watoto wetu wamezaliwa katika jimbo hili, na nasikia uchungu kila nikimsikia kijana wetu akisema kupiga kambi ni mambo ya Wazungu, ilhali babu yake alikuwa mvuvi wa Ziwa Victoria au nahodha wa jahazi.

Kwa hiyo niwaambie jinsi ya kwenda. Anayelala ndani kati ya tarehe 1 Mei na 30 Septemba lazima awe na kibali cha kulala, na kila kibali kina lango lake na siku yake ya kuingilia. Vibali hivyo hufunguliwa kwenye intaneti Jumatano ya mwisho ya Januari, saa 3 asubuhi, na malango yanayopendwa huisha upesi. Mtumbwi, makafi, hema na mabegi hukodishwa Ely. Hakuna haja ya kununua chochote mwaka wa kwanza. Kodisha ule mwepesi wa Kevlar, wa kilo 20 hivi. Wa alumini ni mzito na mabega yako hayajazoea. Anayeanza aingilie Fall Lake au Lake One. Mwisho wa Agosti usubi umekwisha na mbu wamepungua. Fika mjini siku moja kabla, ulale pale, ule pale, ununue vyakula pale, uzungumze na watu. Wakikuuliza unatoka wapi, nawe waulize babu zao walitoka wapi, maana wengi wanapenda sana kuulizwa. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe muda wote, si kukaliwa.

Mimi nitaomba kibali cha wiki ya mwisho ya Agosti. Karatasi ya majina iko kwa katibu hapo mlangoni. Nafasi ni 8 ukiniondoa mimi, na wasiojua kuogelea wasione haya kujiandikisha: kuanzia Machi tutakuwa tunajifunza kila Jumapili jioni, wakubwa na watoto pamoja.